Sabuni Nyekundu na Kanzu ya Idi

Karibu, wewe unayesoma huku ukitafuta cha kuuza. Nikueleze polepole, maana wanafunzi wangu wa siku hizi hapa Kindu wakisikia neno ubunifu wanakimbilia rangi. Siwacheki. Sisi pia tulikimbilia rangi.

Wakati wa vita treni haikufika, sabuni ikaadimika. Mimi na mwenzangu wa chuo tukaanza kupika yetu kule mtaa wa Mikelenge, kwa mawese na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ilitoka laini kama ugali, tukaifunga kwa majani. Kwa kawaida mpishi wa sabuni huyachemsha mawese kwanza mpaka wekundu uishe. Mwenzangu akasema wekundu huo ndio utakaotutofautisha na wengine. Akauacha.

Kifungu cha kwanza akampelekea mzee mmoja wa mtaa wa Kasuku, baba wa msichana aliyetaka kumposa. Idi ilikuwa karibu, na mzee akafulia kanzu yake nyeupe, ya pekee.

Tuliitwa. Kanzu ilikuwa na rangi ya samaki aliyetoka kwenye mawese.

"Hii njo sabuni ao njo muchuzi?" mzee akauliza.

"Papa, njo ya kisasa," mwenzangu akajibu, kwa heshima ya mwana kwa baba.

"Basi niende kuswali nimevaa muchuzi wa kisasa! Idi ikifika na kanzu haijarudi nyeupe, usikanyage tena hapa kwangu."

Tukaichukua, tukaifua tena. Kwa sabuni ileile! Ikakolea. Tukaianika kwa kukata tamaa, na jioni tukaona bega lililoelekea jua limepauka. Tangu hapo tukawa wachungaji wa kanzu: tunailowesha, tunaianika, tunaigeuza kama muhogo wa kuchoma. Wapita njia wakauliza itaiva lini. Msichana mwenyewe alipita akicheka: "Geuza na mugongo, fundi, usiunguze!"

Asubuhi ya Idi mzee aliivaa. Nyeupe kabisa, ila makwapani, ambako jua halikufika. Kila alipoinua mikono kwa takbira, sisi wa safu ya nyuma tuliangalia chini.

Baada ya swala alimwita mwenzangu. Akamkubalia posa, kwa sharti moja: sabuni ya nyumba hiyo itapikwa na binti.

Nawe, ukitengeneza sabuni mpya, usianze na mteja. Fulia kwanza shati lako jeupe, lianike, kisha livae kutwa nzima sokoni.