Mitalawanda ya Mwalimu

Maisha yangu yote nimetamani kuitwa mwalimu, na siku nilipodhaniwa mwalimu nilikuwa chooni, nimekunja suruali, natawadha.

Mimi ni mjuaji. Silikatai. Mama yangu, Unguja, husema nilizaliwa huku namwelekeza mkunga. Dubai nilifukuzwa kazi ya hoteli kule Marina kwa kumfundisha mpishi mkuu kupika wali mbele ya wageni wake. Ndipo nikapata kazi ya kumtunza mzee wa Kihindi katika fleti moja ya Al Barsha. Mwanawe na mkwewe, ambao niliwaita sir na madam, walinichukua kwa sababu moja tu: mzee alizaliwa Unguja, mtoto wa mwenye duka, akahamia India akiwa kijana, na tangu mkewe afariki alikuwa hataki kuzungumza na mtu. Walitumaini Kiswahili kitamfungua mdomo. Kutozungumza wangekuvumilia. Kubwa lilikuwa chakula: mzee alikuwa hali. Vijiko viwili, vitatu, basi. Daktari alikwisha kusema akiendelea hivyo hata upasuaji wa mtoto wa jicho hautawezekana, na macho yalikuwa yamebakiwa na ukungu tu.

Mzee alifika kutoka India Jumapili asubuhi. Sir na madam wakaenda kazini, nami nikafungua sanduku lake nipange vitu. Mashati kabatini, tasbihi yake mezani. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha manjano, nikakuta jozi ya viatu vya mti, vyenye msuruaki wa kubanwa na kidole gumba. Nikacheka peke yangu. Mtoto wa Unguja asiijue mitalawanda? Kwa bibi yangu ilikaa nyuma ya mlango wa choo, na ole wake aingiaye miguu mitupu. Nikaiweka hapo hapo, nyuma ya mlango wa choo cha chumbani kwake, nikajipongeza kwa akili.

"Vile viatu umeviweka mahali pake?" mzee akaniuliza kutoka kitandani.

"Mahali pake hasa, Baba."

Adhuhuri ikaingia. Nikavaa mitalawanda, nikatawadha, ka, ka, ka juu ya marumaru, raha tupu, kama niko kwetu. Alasiri vivyo hivyo. Jioni ile mzee akala nusu sahani. Jumatatu akamaliza sahani nzima, akachukua tasbihi aliyokuwa hajaigusa tangu msiba, akaanza kuihesabu midomo ikimchezacheza.

Sasa nisikilizeni nilivyo. Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa nimempa mzee wa watu hotuba ndefu kuhusu faida ya kula. Alipomaliza sahani nikampigia mama simu, nikamwambia nimemponya mgonjwa kwa maneno matupu, na kwamba pengine Mungu amenipa kipaji. Mama akaniuliza kama nimekula mimi.

Jumanne jioni madam akanifuata jikoni, macho yamemjaa machozi. Mwalimu wa Baba amerudi, akasema. Baba anamsikia akitembea. Kila siku mchana, na tena alasiri. Sikuelewa. Nikaenda kwa mzee mwenyewe, naye akanieleza taratibu, kwa Kiswahili safi kuliko changu. Alipofika India alikuwa kijana aliyepoteza kila kitu, hasira zimemjaa, hamwamini mtu. Akampata mwalimu wa dini, mtu wa nguo mbili na bakuli moja.

"Kwetu, mwanangu, Mungu yuko mbali kwa mtu kama mimi," akasema. "Mwalimu ndiye anayekushika mkono. Na kwanza kabisa anakuvua ujuaji. Usipovuliwa huo, hakuna kitakachoingia."

"Kweli kabisa, Baba," nikasema. "Tena mimi ningeongeza kwamba..."

"Akaninong'oneza maneno sikioni," akaendelea, "niyataje kila siku. Kila alfajiri alipita kwenye ukumbi wa mawe kutuamsha, na viatu vyake vya mti vikilia. Tulikuwa tunamjua kwa viatu kabla hatujamwona. Alipofariki nikapewa viatu. Kwetu viatu vya mwalimu ndiye mwalimu mwenyewe, tunaviinamia. Mke wangu alipokufa niliacha kuyataja yale maneno. Nilikasirika. Na sasa, tangu Jumapili, anapita. Ka, ka, ka."

Nikaitazama miguu yangu. Ile ile miguu.

Mtu mwaminifu angesema palepale. Mimi niliona aibu, na niliogopa kazi, lakini wallahi niliogopa zaidi ile sahani tupu kurudi kuwa sahani iliyojaa. Nikavitoa viatu chooni, nikavisugua, nikavifunga katika kitambaa chake, nikaviweka kabatini. Jumatano nikatawadha miguu mitupu, kwa kunyata kama mwizi.

"Leo hakuja," mzee akasema, akasukuma sahani.

Alasiri hakuja. Usiku hakula. Asubuhi ya Alhamisi akakataa hata chai. Na Alhamisi ndiyo siku ambayo madam, kwa furaha ya Jumanne, alikuwa amewaalika jamaa na majirani. Kwao ni siku ya kuwaheshimu walimu wa dini. Walikuja watu kumi na watano na mashada ya maua na vitamu vya ladu, wakavua viatu mlangoni, wakajaa chumbani kwa mzee, wakaketi sakafuni kimya kumngoja mwalimu.

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameelekeza sikio lake ukutani, mashavu yamebonyea. Nikaamua kudanganya. Mara moja tu, ale. Wakati madam anapanga maua na wageni wamefumba macho kuomba nikavichukua viatu kabatini, nikavificha ndani ya shati, nikajifungia chooni. Saa ya adhuhuri ilipofika nikavivaa, nikafungua bomba ili angalau nitawadhe kweli, nikatembea. Ka, ka, ka. Huko nje mtu akalia kwa sauti. Wakaanza kuimba. Nikageuka kona ya beseni kwa madaha, maana hata katika uongo napenda kufanya vizuri.

Sikuwa nimeufunga mlango sawasawa. Ukafunguka, na mzee ambaye tangu Jumapili hakuwahi kusimama bila kunishika alikuwa amesimama peke yake kizingitini. Akainama. Mtu wa miaka themanini akainama mpaka chini, akaigusa miguu yangu iliyolowa maji, akaweka mikono yake kichwani pake. Nyuma yake nyuso kumi na tano zinanitazama, na mimi suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilitamani marumaru inimeze.

"Baba," nikasema, "ni mimi."

Hakuuachia mguu. Vidole vyake vikapapasa kidole gumba changu, na msuruaki.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilidhani ni mitalawanda ya chooni. Nisamehe, Baba. Nilikuwa natawadhia."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikapiga magoti kumshika, nikidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, hata pumzi zinamkatika.

"Yetu pia," akasema, "ilikaa nyuma ya mlango wa choo. Unguja. Mama yangu angetupiga."

Madam hakucheka. "Khalas," akaniambia. "Funga vitu vyako."

Mzee akamgeukia. "Nileteeni chakula kwanza," akasema. "Halafu mfukuzeni."

Akala mbele ya wageni wote, sahani nzima, na ladu mbili. Alipomaliza akaviosha viatu mwenyewe kwa maziwa na maji, mimi nimeshika bakuli, akaniambia nikae navyo mpaka vikauke. Suala la kufukuzwa halikutajwa tena, ingawa madam hakunisemesha kwa wiki mbili, na ilikuwa haki yake.

Mama alinitumia mitalawanda yangu kwa msafiri. Viatu vya mwalimu vilibaki juu ya kigoda chenye maua. Lakini kila adhuhuri, kwa mwaka na nusu uliobaki wa maisha yake, nilipotoka kutawadha, ka, ka, ka, mzee aliita kutoka kitandani.

"Nani huyo?"

"Mimi, Baba."

"Basi lete chakula."