Kapsuli za Manjano na Vidonge Vyeupe vya Merti

Nilitumwa Merti, kijiji cha wafugaji, kwa sababu madaktari wawili walishindwa kukubaliana. Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea mwisho, na ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa umeingia huko. Mkubwa wangu mjini Isiolo alisema dawa ni kapsuli za manjano za tetrasaiklini. Mwenzake akashikilia vidonge vyeupe vya salfa. Mimi, muuguzi kijana wa kutoka Meru, nikapewa daftari niende niamue. Mgonjwa wa kwanza apate kapsuli, wa pili kidonge, hivyo hivyo, bila kuangalia sura ya mtu. Itakayoshinda ndiyo ingepelekwa zahanati ya Merti.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la sukari. Mpaka kituo cha Archers nilikuwa bado msafi. Mbele ya hapo vumbi likanifanya rangi moja na magunia, na dereva akaniita "dada gunia" safari yote.

Saa kumi jioni tulifika. Wenyeji wangu walikuwa Mzee Guyo, mfugaji wa ngamia, na mkewe Mama Qabale. Mama mwenyewe alikuwa anahara damu, lakini mgeni kuingia kwake bila maziwa? Haiwezekani.

"Salaam aleikum, daktari. Kunywa kwanza, maneno baadaye."

Asubuhi yake nikakusanya watu, nikahubiri hasa. "Maji ya mto ndiyo imeleta ugonjwa! Msiguse!" Wakaitikia vizuri sana, nami nikajiona bingwa. Kisha nikagawa dawa kwa zamu. Zamu ya Mama Qabale ikaangukia kapsuli.

Ijumaa, watu wa vidonge vyeupe walikuwa wanapiga soga sokoni. Watu wa kapsuli walikuwa bado wanakimbilia vichakani. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba kapsuli haifai. Lakini Mama Qabale hakuweza tena kusimama, na macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mpe hiyo nyeupe," Mzee Guyo akaniambia.

"Mzee, siwezi. Nikichanganya, kazi yote inaharibika."

"Kazi gani? Huyu ni mama ya watoto wangu! Basi kaa hapa umuone akimeza, usiseme tunakudanganya."

Nikaketi, nimefura kidogo. Binti yao akaleta kapsuli na kikombe cha maziwa.

"Maziwa ni ya nini?"

"Ya kumezea," akajibu. "Si wewe umekataza maji? Wote wanamezea maziwa."

Ngai! Mungu wangu! Chuoni tulifundishwa wazi kwamba maziwa huishika tetrasaiklini tumboni isiingie mwilini, ila salfa haiguswi nayo. Mimi nilikuwa nimekataza maji na kusahau kusema watu wamezee nini.

Nilichemsha maji. Nikampa mama kidonge cheupe kwa mkono wangu, nikamnywesha maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, kisha nikafuta jina lake daftarini. Halafu nikapita nyumba kwa nyumba nikikiri kosa: kapsuli imezwe kwa maji yaliyochemshwa, maziwa yasubiri.

Jumatatu Mama Qabale aliketi, akaagiza chai na kugombeza mbuzi walioingia ndani. Hapo nikajua amepona. Wa kapsuli nao walikuwa wameanza kupata nafuu. Nilipomweleza Mama yaliyotokea, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Sasa daktari, unatulaumu nini? Sisi tulikutii."

Jumanne nilirudi Isiolo na lori lile lile. Madaktari wangu walikuwa wananingoja mlangoni.

"Ipi imeshinda?" mkubwa akauliza hata kabla sijajipangusa vumbi.

Nikamwambia sijui, na nikamwambia kwa nini. Nikasema pia lile nililoliwaza njia nzima: mama aliyenikaribisha nusura nimwache afe ili ukurasa wangu ubaki safi.

Nimegawa dawa miaka mingi tangu siku hiyo. Kila mgonjwa, kabla sijamwekea kidonge mkononi, namuuliza kwanza: "Nyumbani kwenu, hii utaimeza na nini?" Kisha nanyamaza, nisikie.