Sikio la Duka la Sahul

Kwa miaka ishirini na sita, mtu wa Madurai aliyetaka spika za sinema ya nyumbani alielekezwa dukani kwa Sahul, na akifika pale aliambiwa amsubiri Ilango. Mimi nauza waya na soketi upande wa pili wa mtaa, mlango ukitazamana na mlango, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona. Mengine Ilango mwenyewe alinisimulia, baadaye, alipokuwa hana tena cha kuficha.

Kazi yake ilikuwa hii. Mteja anakuja na risiva, lile boksi linalopokea sauti ya filamu na kuigawa kwa spika tano au saba za chumbani. Za mbele mara nyingi anazo tayari. Anazotafuta ni za ubavuni na za nyuma, zile ambazo mvua ikinyesha kwenye filamu unaisikia kisogoni. Ilango aligeuza risiva na kusoma inamudu mzigo gani, omu sita au nane, kipimo ambacho kikipungua mzigo wa umeme unazidi, kwa sababu ukiifunga na spika za omu nne isizoziweza inachemka mpaka inajizima. Hilo kila muuzaji analijua. Lililofuata lilikuwa lake peke yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba cha nyuma, akafumba macho, akapiga rekodi ya njuga za miguuni mwa mcheza ngoma zikizunguka chumba kutoka mbele kwenda nyuma. Njuga zikibadilika sauti njiani, spika hizo zinarudi rafuni.

"Hizi si ndugu," alimwambia mteja. "Hizi ni majirani tu."

Ndiyo maana mtaa mzima tulimwita Sikio.

Siku moja daktari wa meno alirudi na mkewe, risiva imo kwenye kapu. Walikuwa wamechaguliwa spika za nyuma wiki mbili kabla.

"Zinachoma," alisema mke. "Njuga zikifika nyuma ni kama haradali inayorukaruka kwenye mafuta ya moto."

Ilango akazifunga, akakaa, akafumba macho. Alisikia njuga laini, tamu, mbele na nyuma sawasawa. Alipofumbua macho akamwona yule mama amekunja uso na kuinua bega mpaka sikioni. Alibadilisha spika mara tatu, na ile ya tatu aliichagua kwa kuangalia bega la mama limeshuka.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameanza. Kasturi, mkewe, alifunga mashada ya asmini kwa ajili ya wauza maua wa karibu na hekalu, na kama wanawake wengi wa rika lake hakumtaja mumewe kwa jina, bali kwa la mtoto wao.

"Baba Kayal, sufuria ya mvuke imepiga filimbi mara saba. Umekaa pembeni yake."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini mpaka dengu zinaungua?"

Akaenda hospitali bila kumwambia mtu. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, alimvalisha vifaa vya masikioni, akamtaka ainue mkono kila akisikia mlio, kisha akamchorea mstari kwenye karatasi. Mstari ulikwenda sawa hadi katikati, halafu ukaanguka.

"Sauti nyembamba zimekwisha, mzee. Hazirudi."

"Dawa?"

"Hakuna. Kuna mashine za kuvaa, zitakusaidia kuongea na watu."

"Na njuga?"

Daktari alidhani Ilango hakumsikia, akarudia habari ya mashine kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa miezi mitatu alifanya kazi kwa karatasi. Alilinganisha takwimu za kiwandani, akaoanisha vikoni, vile viwambo vidogo vya spika vinavyotoa sauti nyembamba, vya hariri na vya hariri, vya chuma na vya chuma, na kwa yaliyobaki akatazama nyuso za wateja. Aliniambia kwamba siku hizo alijifunza kusoma kope za watu kama mcheza kamari. Lakini vitu vya zamani havina karatasi, na wateja wengine wana nyuso kavu. Ndani ya wiki moja seti mbili zilirudishwa. Jioni hiyo alikaa sakafuni karibu na kikapu cha asmini, akamweleza Kasturi yote, akalia kwa kukwama kama mtu aliyepaliwa na chakula.

Kasturi alimwacha alie. Kisha akauliza, "Masikio yangu je?"

"Wewe unasikia kelele tu."

"Basi nifundishe."

Akamfundisha kwa bilauri mbili za chuma, akizigonga nyuma ya pazia. Zinafanana, hazifanani. Halafu kwa redio ya nyumbani na spika mbili za kuazima. Wiki tatu tu, na Kasturi aliweza kumwambia spika ipi imefungwa kwenye mbao nyepesi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kumwona Kasturi dukani kila mchana. Alileta wali kwenye kopo la ghorofa tatu, akakaa pembeni mwa chumba cha nyuma na kikapu chake, akifunga maua. Spika zikipatana, mikono yake iliendelea. Zisipopatana, mikono ilisimama. Ilango alikaa kwenye kiti kile kile, ila macho hayakufumbwa tena sawasawa.

"Siku hizi huyu hawezi kumeza bila mkewe," Sahul alinitania. "Wanarudia fungate nini?"

"Mwache bwana," nikamjibu. "Wewe wa kwako hakuletei hata maji."

Tulicheka, na Ilango alicheka nasi, akichelewa kidogo.

Mambo yakaenda hivyo miezi miwili, mpaka alipokuja Mwalimu Vaidehi. Alikuwa mama wa miaka sabini, anayefundisha kupiga vina, kile kinanda kirefu cha nyuzi, na masikio yake yalijulikana mji mzima. Mwanawe alikuwa amemtumia risiva kutoka ng'ambo. Spika za mbele zilikuwa za mbao nzito, kazi ya fundi wa Karaikudi aliyekufa zamani. Hazikuwa na karatasi wala jina. Alileta moja, imefungwa ndani ya shuka, akaomba spika za nyuma zenye sauti kama yake. Badala ya njuga akatoa rekodi ya vina yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na roli la waya alilokuwa ameagiza Sahul. Jozi ya kwanza, mikono ya Kasturi ikasimama. Ya pili ikasimama. Ya tatu pia. Jozi ya nne ilipopigwa, mikono iliendelea kufunga maua, na Ilango akashusha pumzi.

"Hizi, Mwalimu," alisema. "Hizi ni ndugu."

"Ni kweli," Mwalimu Vaidehi alisema. Lakini alikuwa anamtazama Kasturi. "Mama, wewe umesomea muziki wapi?"

"Mimi? Nafunga maua tu, Mwalimu."

"Mikono yako imesimama mara tatu. Mara zote tatu na mimi nilikuwa nimesikia kasoro. Na huyu bwana hakutazama spika hata mara moja. Alitazama mikono."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mwanafunzi kidole kimekaa vibaya.

"Amechoka tu," Ilango alisema haraka, na hakuna aliyejua anamsema nani.

Sahul alikuwa amesikia. Alitoa simu mfukoni, akawasha mlio mwembamba wa kengele, akaiweka juu ya rafu nyuma ya Ilango. Kasturi aligeuka. Mwalimu aligeuka. Mimi niligeuka. Ilango hakugeuka. Alikuwa anatutazama sisi, uso mmoja baada ya mwingine, akijaribu kujua tumegeukia nini.

Kasturi ndiye aliyeinuka akaizima.

Mwalimu alichukua spika zile na kuondoka, akionekana kujuta. Nilirudi kwangu na Sahul akafunga mlango wa chumba, ila sauti zao zilivuka mtaa.

"Ungeniambia, Ilango."

"Ningekuambia nini, Bhai? Kwamba ulichoniajiria hakipo tena?"

"Nusu mwaka nawaambia watu nendeni kwa Ilango. Nimewauzia sikio ambalo silo."

"Spika zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri kwa sababu ya mkeo."

Kesho yake Sahul alikwenda nyumbani kwao. Akapewa kahawa, akainywa, halafu akamwambia Kasturi kwamba kiti cha chumba cha nyuma ni chake akikitaka. Ilango angebaki, kwa kufunga waya na kupanda ngazi majumbani mwa wateja.

"Mwenye nyumba amekaa hapo," Kasturi alisema. "Mbona unaongea na mimi?"

Ilango alikuwa ameangalia midomo ya Sahul muda wote. "Nenda," alimwambia mkewe. "Kayal bado ana mwaka mmoja wa kulipiwa masomo ya uuguzi." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na kwa siku nne hakuonekana dukani.

Siku ya tano akaja kazini. Wateja waliomuulizia waliambiwa yuko juu ya ngazi. Kasturi alikalia kile kiti wiki ya kwanza kama mtu aliyekalia miiba, akimtafuta mumewe kwa macho kila baada ya wimbo, na Ilango akijifanya anahesabu misumari. Baadaye alizoea. Alikuwa hodari kuliko alivyokuwa mumewe, na Ilango alilijua hilo kabla yetu sote. Aliwahi kuniambia kwamba kinachomuuma si kiti. Kinachomuuma ni kuuona uso wa mkewe unapopata sauti nzuri, akajua sauti hiyo ilikuwa yake miaka yote, na sasa hata kuikumbuka hawezi vizuri.

Mwezi wa Margazhi, asubuhi zilipokuwa na baridi, alikwenda hospitali tena. Akaja kukaa juu ya pipa langu la waya na karatasi mpya mkononi. Mstari ulikuwa umeanguka mapema zaidi.

"Sasa mstari umefika kwenye sauti za maneno ya watu," alisema.

"Kasturi anajua?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua tena. "Leo asubuhi aliniambia kitu akiwa amenipa mgongo, anakoroga mchuzi. Nikamjibu ndiyo. Mkono wake ukasimama. Sijui nimekubali nini."

Nikammiminia kahawa, tukanywa. Ng'ambo ya mtaa, dukani kwa Sahul, walikuwa wanamwita, mara ya tatu au ya nne. Nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa kidole.