Mkono Mmoja Mfukoni

Siku hizi nikimwona mume wangu anakoroga chai huku mkono mmoja uko mfukoni, nacheka. Lakini hapa karibuni kuna wiki nzima niliyokuwa nikiutazama mkono ule natamani kuushonea humohumo mfukoni, usitoke tena.

Mkono huo una sababu zake. Mume wangu ni fundi wa redio na amplifaya, tena za kizamani, zile ambazo ndani yake hazina transista bali taa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya kaa la moto. Taa hizo zinatumia umeme mkali. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba ukipima chombo kilichowashwa, mkono mmoja ushike kipimo na wa pili ukae mfukoni, ili umeme ukikushika usipite kifuani. Somo likamwingia mpaka kwenye mifupa. Sasa anasalimia watu mkono mfukoni, anachagua nyanya mkono mfukoni. Siku ya harusi yetu mpiga picha alimbembeleza autoe, akautoa, na kwenye picha zote anaonekana kama mtu aliyepoteza funguo. Kupiga makofi ndiyo kabisa hajui. Kwenye mahafali ya binti yetu alitikisa kichwa tu.

Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye dirishani, mimi na cherehani yangu mlangoni. Mtaani wanamwita Safi. Kila akimaliza redio huitegea sikio, akahakikisha mtangazaji anasikika bila mkwaruzo wowote, kisha anasema, "Safi." Mkwaruzo ndio adui yake mkubwa. Akiusikia kwenye spika ya jirani, hata chakula hakimshuki. Wateja wanampendea hilo. Mimi pia nampenda, ila si kila siku.

Sasa kaka yake. Shemeji yangu ni fundi bomba mstaafu, na ujanani alikuwa mpiga gita wa bendi ya roki, mambo ya nywele nyingi na suruali zilizopanuka chini. Suruali zenyewe nilizishona mimi, na ndivyo nilivyojuana na ukoo huu. Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, na utani ulirudi hata kabla ya ulimi. Mkono wa kushoto ndio uliorudi nusu. Vidole vinabonyeza nyuzi vizuri, lakini havikimbii tena. Kutoka noti moja kwenda nyingine vinatafuta njia kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Sasa mimi na mdogo wangu tuko sawa," alisema siku aliyotoka hospitali. "Kila mtu ana mkono mmoja."

Wenzake walipoamua kupiga tena pamoja, mara moja tu, Jumapili mchana kwenye ukumbi wao wa zamani, shemeji alikuja kwetu amekumbatia kisanduku cha bati kilichobabuka rangi. Kisanduku hicho hukaa kati ya gita na amplifaya, kazi yake kuipa sauti ya gita nguvu kabla haijasafiri. Enzi zao alikuwa akifungulia amplifaya kubwa ya bendi mpaka mwisho, inazidiwa, na gita linakwaruza na kulia kwa muda mrefu, vile wanavyopenda watu wa roki. Amplifaya ile ilishakufa. Ya ukumbini ni mpya, na sauti yake ni ya upole kama ya mwalimu wa chekechea.

"Mdogo wangu, nataka mkwaruzo utoke humu kwenye kisanduku," alisema. "Noti nikiipiga, ikae. Inisubiri mpaka vidole vifike kwenye nyingine."

"Itakaa, kaka."

"Isipokaa sipandi jukwaani. Na nisipopanda, gita lile silishiki tena mpaka nakufa. Sitaki watu wanipigie makofi ya huruma."

Alisema huku anacheka, lakini nilimtazama machoni. Hakuwa anatania hata kidogo.

Basi mume wangu akainamia kazi. Alifungua kisanduku, akasafisha soketi za taa, akaunganisha taa ya kwanza iisukume ya pili mpaka izidiwe. Nilikuwa nasikia kwenye spika: krrr, kisha yeye anakunja uso, anazima, anachomelea tena. Kila siku mkwaruzo ulikuwa unapungua. Mimi nilidhani ndivyo inavyotakiwa, kwani najua nini? Ijumaa akamwita kaka yake. Shemeji akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akapiga. Sauti ilitoka laini, ina mkwaruzo kwa mbali, mkwaruzo wa adabu, unaobisha hodi kabla ya kuingia.

"Nzuri," akasema shemeji. Akashukuru, akabeba kisanduku chake, akaondoka.

Yule bwana kitu akikipenda hukitukana. Suti niliyomshonea akaivaa miaka na miaka, siku ya kwanza aliiita gunia.

"Hajaipenda," nikamwambia mume wangu.

"Si amesema nzuri?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Akarudi kwenye redio zake, mkono mfukoni. Hapo ndipo nilipotamani sindano na uzi.

Jumamosi asubuhi bendi ilifanya mazoezi ukumbini, na nilimburuta mume wangu twende. Wazee wanne jukwaani, matumbo mbele. Mpiga dramu akaanza, na loo, dramu si redio! Ukumbi ulitikisika. Gita la shemeji likapotea palepale. Halafu ikafika sehemu yake ya kupiga peke yake. Akapiga noti, vidole vikaanza safari, na kabla havijafika noti ikafa. Pakabaki shimo. Akapiga nyingine, shimo tena. Kila mtu akawa anatazama viatu vyake.

"Mzee mwenzangu, usijisumbue," mpiga kinanda alisema, na alisema kwa upendo, jambo lililozidi kuuma. "Hapa tunaweza kuweka kinanda."

Shemeji akachomoa waya wa gita, akaanza kuukunja taratibu kwenye kiwiko chake kama mtu anayefunga duka.

"Safi!" nikamgeukia mume wangu, sikujali nani anasikia. "Umeweka nini mle ndani?"

Akajibu kwa sauti ndogo. "Rezista moja, kuizuia taa isizidiwe sana. Na kikapasita kidogo, kimeze ule ukali wa juu."

"Kaka yako alikuomba hivyo?"

"Ilikuwa inakwaruza mno, mke wangu. Watu wangesema aliyetengeneza hiki kitu hajui kazi."

"Mimi vijana wananiletea jinzi mpya niwachanie magotini. Nazichana, tena kwa mkasi wangu mzuri, na naupima mchaniko. Umewahi kusikia mtu anasema sijui kushona?"

Akaelekea jukwaani, akaushika waya mkononi mwa kaka yake, akaukunjua.

"Kaka, nilikosea. Nilikuwa najitengenezea mimi. Nipe nafasi."

Mume wangu hatembei bila begi lake la kazi. Alichomoa kisanduku kwenye umeme, akangoja, akakitoa umeme uliobaki ndani, akapima kuhakikisha. Akaikata rezista. Akakikata kikapasita, kidogo kama punje ya dengu, akakitia mfukoni. Kisha akabadilisha kikapasita kingine pale gita linapoingilia. "Hapa napunguza besi," alimweleza kaka yake bila kuinua kichwa. "Sasa itakwaruza kweli, lakini besi ikiwa nyingi mkwaruzo unakuwa uji, na dramu itaufunika."

Shemeji akapiga noti moja.

Nilishtuka mpaka nikashika kifua. Ule haukuwa mkwaruzo wa kubisha hodi, uliingia na mlango wake. Ukasimama juu ya dramu, ukakaa, ukaendelea kukaa. Shemeji aliutazama mkono wake wa kushoto unavyosogea, bila haraka, mpaka ukafika.

"Takataka gani hii!" alipiga kelele. "Mdogo wangu, hili ni balaa, huu ni uchafu mtupu!"

Nikaketi. Anaitukana, jamani, anaitukana!

Jumapili ukumbi ulijaa watu wa rika letu, wengine na wajukuu. Nyimbo za mwanzo zilipita salama. Ilipofika sehemu ya shemeji, wenzake wakashusha sauti na mimi nikafumba macho. Noti ikalia. Nikawa nahesabu sekunde, vidole vinatafuta, vinatafuta, na shimo halikuja. Noti ilikuwa inamsubiri, kama alivyoomba. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Watu wakaanza kusimama, na haikuwa huruma. Wengi hawakujua kama aliwahi kuugua.

Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa amesimama ukutani karibu na spika, uso umekunjamana kwa ule mkwaruzo kama anayemeza dawa chungu, mkono mfukoni. Noti ya mwisho ilivutika, ikavutika, shemeji akainua mkono wa kulia juu na bado ilikuwa inalia chini ya kidole kimoja cha kushoto.

Ndipo nikaona mkono wa mume wangu unatoka mfukoni. Akapiga makofi. Anapiga vibaya sana, nje ya mdundo, kama mtu anayeua mbu, na machozi yanamtiririka. Nikamwacha apige.