Notisi Niliyoibandika kwenye Mgomba

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, na nikiikumbuka najichukia mpaka leo. Nilikuwa kijana, fundi wa mradi wa maji hapa Kituntu, spana mfukoni na kiburi kichwani. Nilitumwa nimpelekee Ma Koku, mjane mwenye bili ya nyuma, notisi ya kukatiwa maji. Njia ya kwake ilikuwa tope tupu. Nikaona uvivu, nikaibandika kwenye mgomba wa kwanza shambani mwake, nikaenda zangu.

Siku za notisi zilipoisha nikarudi kukata. Nilikuta bintiye amejifungua juzi, nguo za mtoto zimelowekwa kwenye beseni. Koki nikaifunga hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama. Dawa ya deni ni kulipa."

Ma Koku akaniuliza, "Uliniambia lini?"

"Notisi niliibandika kwenye mgomba wa njiani."

"Ule tulishaukata, ndizi zake tumekula. Mimi nakaa kwenye mgomba, baba? Ungenipa mkononi ningeuza hata kuku."

Nikaondoka. Binti yule mzazi akashuka bondeni na ndoo kuchota maji, akateleza, akaanguka vibaya. Alipona kwa rehema za Mungu, si kwa wema wangu. Majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea miaka yote hii.

Sasa nasikia nawe umepewa spana, na jana umemkatia maji jirani yetu, yule mzee aliyelalamika kuwa mita yake inadanganya. Bila karatasi! Nani kakufundisha? Sheria ipo. Mteja apewe notisi ya maandishi kwanza, siku zake ziishe. Akiipinga bili, asikilizwe kabla ya kukatiwa. Deni lidaiwe, sikatai, ila mdaiwa ni mtu, naye ana kiu. Usiniambie umetumwa. Hata mimi nilitumwa.

Nasaha yangu ni hii. Notisi ifikishe mlangoni, hata tope likufike magotini. Asiyejua kusoma msomee, umweleze kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kisha umwache naye aseme. Na leo hii, kabla hujala, nenda ukaifungue koki ya yule mzee, umwombe radhi.

Mungu akuzidishie siku, mwanangu, na mikono yako isimlize mtu. Lakini baraka yangu mwenyewe sikupi bado. Njoo uichukue jioni, na nikuone una tope miguuni.