Fundo la Nalotuesha

Moloimet alikuwa anaficha mkono wa kulia. Jua liwake, mvua inyeshe, mkono uko ndani ya shuka. Siku ya kwanza alipoingia uani kwangu kununua mahindi nilimtania, "Baba, huo mkono umeiba nini?" Mimi ni Mama Wilibrodi, Mmbulu wa Mbulumbulu niliyeolewa Karatu, na mdomo wangu hauna breki. Hakucheka. Alifunga gunia lake juu ya punda kwa mkono mmoja na meno, akaondoka.

Baadaye tulizoeana, maana kule Ngorongoro kilimo kilikuwa kimekatazwa na wafugaji walishuka kwetu kutafuta chakula. Punda wake walilala uani kwangu. Habari zake nilizipata kidogo kidogo, nyingine kwake, nyingine kwa ndugu zake.

Kumbe mkono ule ulikuwa wa kulenga. Wamaasai hunywa damu ya ng'ombe bila kumchinja, na kuitoa ni ufundi. Ng'ombe anafungwa kamba ya ngozi shingoni, inakazwa. Damu inayoshuka kutoka kichwani kurudi moyoni inakwama pale, mshipa unatuna unene wa kidole gumba. Mpigaji anasimama karibu na upinde mdogo na mshale wenye kizuizi kwenye ncha, usizame ukaua. Damu inaruka, wanaikinga kwa kibuyu. Ikitosha, kamba inalegezwa, damu inapata njia yake ya kushuka, kidonda kinazibwa kwa kinyesi kidogo, ng'ombe anarudi malishoni. Moloimet aliitwa maboma ya mbali kwa kazi hiyo. Na aliyemfungia kamba alikuwa mke wake mkubwa, Nalotuesha. Wanaume walimcheka Moloimet, maana kushika kamba ile si kazi ya mwanamke, lakini fundo la Nalotuesha halikuteleza hata siku moja, na wote walilijua hilo.

Nalotuesha hakujaliwa mtoto. Moloimet akaoa wa pili, Nanyokie, binti mwembamba aliyesumbuliwa sana utotoni na koo na maumivu ya viungo. Akapata mimba. Tumbo lilivyokua, pumzi ikapungua. Kulala chali hakuweza. Alilala ameketi, mgongo ukutani, miguu imevimba. Asubuhi moja Moloimet alimtazama shingoni akaganda. Mshipa umetuna. Umetuna vile vile kama wa ng'ombe aliyefungwa, na kamba haipo. Akamwekea kiganja kifuani, akasikia kitu kinakoroma chini ya mbavu kama paka aliyeshiba.

Jamani, mtu huona kwa yale anayoyajua. Moloimet alijua jambo moja kwa hakika, kwamba mshipa hautuni mpaka mtu akaze fundo. Na pale bomani fundi wa mafundo ni nani? Nanyokie alijifungua msichana, akaitwa Namelok, na kabla kitovu cha mtoto hakijakauka mama akafa. Moloimet hakungoja. Alimsimamisha Nalotuesha mbele ya wazee akasema amemfunga mwenzake kamba isiyoonekana. Nalotuesha hakubisha hata neno. Alichukua kibuyu chake na ngozi yake ya kulalia, akarudi kwa kaka zake, mbali kule Soitsambu, na huko kunyamaza kwake kukawa ushahidi.

Tangu hapo kiganja kilikoroma. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe, siku moja ya mvua, ameinamisha kichwa. Akishika fimbo, kinakoroma. Akimgusa ndama, kinakoroma. Nanyokie amekufa, lakini moyo wake umebaki mkononi mwa mumewe na haukubali kunyamaza. Upinde akauacha. Mkono akauviringisha shukani usiguse kitu, na Namelok akalelewa na bibi yake. Nilijuta utani wangu, nasema kweli.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Moloimet akaingia uani na Namelok juu ya punda. Meno ya utoto yalikuwa yamemtoka, mapya bado hayajajaa. Nilimlaza kitandani kwangu, akakohoa, akainuka kukaa, anahema kama aliyekimbizwa. Ndipo nikaiona shingo.

"Nipe maji tu, Mama Wili," Moloimet akasema. "Nampeleka kwa mganga, ng'ambo ya Mbulu. Yule mwanamke amefunga tena."

Hasira zikanipanda. "Nalotuesha yuko Soitsambu! Anafunga kwa redio?"

"Shingo umeiona."

"Nimeiona. Na zahanati ile pale."

Nikambeba mtoto mgongoni mwenyewe. Tabibu wetu, Josephati, alikuwa kijana mpole asiyeinua sauti. Alimsikiliza Namelok kifua na mgongo kwa kile kipimo cha masikioni, akamsikiliza tena, halafu akavuta kiti karibu na baba yake.

"Mzee, umewahi kupasua moyo wa ng'ombe?"

"Mingi."

"Ndani unakuta nini?"

"Vyumba vinne. Na vingozi vyembamba vimeshikwa na nyuzi."

"Vile vingozi ni milango. Damu iliyochoka inatoka mwilini, inaingia upande wa kulia, inasukumwa kwenye mapafu kuchukua hewa. Inarudi upande wa kushoto, inasukumwa mwilini tena. Mlango unafunguka damu ipite, unajifunga isirudi. Sasa kwa huyu mtoto, mlango mmoja wa kushoto umepata makovu, haufungi sawasawa. Moyo ukisukuma, damu nyingine inarudi ilikotoka. Kule kukoroma ndiko huko. Mapafu yanajaa, ndiyo maana akilala anakosa pumzi. Upande wa kulia nao unachoka, damu ya kutoka kichwani inakosa pa kuingia, mshipa wa shingo unatuna."

"Kama aliyefungwa kamba."

"Kama aliyefungwa kamba. Ila kilichokwamisha kimo ndani ya moyo."

"Nani alifunga?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni koo. Mtoto anaugua koo, viungo vinamuuma, anapona, watu wanasahau. Kumbe mlango umeshaharibika."

Moloimet akauliza pole pole, "Na mama yake? Alikuwa hivi hivi."

"Sikumwona. Lakini kwa unavyosimulia, ni ugonjwa huu huu."

Mimi nilidhani atashukuru. Thubutu! Alisimama, akamnyanyua mtoto. "Tunakwenda kwa mganga. Huyu anasema uongo."

"Mzee, kwa punda hatafika," Josephati akasema.

Ndipo nikaelewa. Ikiwa Josephati anasema kweli, basi Nalotuesha alifukuzwa bure, na huyu mwanamume aliharibu maisha ya mtu kwa sababu ya shingo tu. Nikasimama mlangoni. Umbo langu si kubwa, ila mlango wenyewe ulikuwa mwembamba.

"Baba Namelok, kwa hiyo bora mtoto afe ili wewe usiwe umekosea?"

Akaniinulia mkono. Wa kulia. Ukatoka shukani, na mimi nikauona kwa mara ya kwanza, mkono wa kawaida kabisa, umepauka tu kwa kukosa jua. Niliogopa, lakini sikusogea. Namelok, pale begani, alikuwa anatafuta cha kushikilia apate kuvuta pumzi. Akaudaka ule mkono, akaukumbatia kifuani kwake.

Moloimet akasimama hivyo hivyo. Machozi yakamtoka mbele yetu, mzee mzima. "Ni huu huu," akasema. "Ni mkoromo huu huu nilioushika kwa mama yake." Akarudi kukaa.

Namelok akaanzishiwa dawa za kutoa maji mwilini na za kuusaidia moyo, na mshipa ukaanza kushuka. Josephati hakutudanganya. Mlango hautarudi kuwa mpya, alisema, lakini sindano ya kila mwezi itauzuia ule ugonjwa wa koo usirudi kuuharibu zaidi. Akikosa sindano, atamfuata mama yake. Kwa hiyo mtoto abaki Karatu, na mtu wa kumtunza apatikane. Bibi yake alikuwa haoni tena.

Moloimet akaenda Soitsambu. Alishika majani mabichi mkononi, kama wafanyavyo Wamaasai wanapoomba amani. Mwaka ule wa ukame aliyapata wapi, hakuniambia. Nalotuesha akayapokea, akaja.

Nilimkaribisha kwa chai. Nikamweleza yote kwa furaha, milango, makovu, damu inavyozunguka, nikamwambia, "Umesafishwa, mama! Hukumfanya kitu mwenzako." Alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe kinapoa.

Siku ya sindano tulikwenda pamoja. Alimpakata Namelok, akamfunika macho. Ilipokwisha, akamgeukia Josephati.

"Daktari, na mtu akitamani tu? Bila kamba, bila dawa. Akamtazama mwenzake mwenye mimba, akatamani, siku moja tu, asiwepo. Mlango unaharibika?"

Josephati alitaka kucheka, kisha akamwona usoni. "Hapana, mama. Hata kidogo."

Nalotuesha akaitikia kwa kichwa, lakini nilijua hakuamini. Moyo ukanipasuka. Kumbe miaka yote ile Soitsambu hakuwa analia kwa kuonewa. Alijua ni yeye.

Namelok sasa ni binti. Anapanda mlima pole pole na anacheka kwa sauti. Nalotuesha hajakosa kumleta hata mwezi mmoja. Moloimet hukaa nje kwenye benchi, mikono yote miwili iko wazi magotini. Sindano ikishachomwa, Nalotuesha hubaki nyuma, akamuuliza Josephati swali lile lile, kwa maneno yale yale, na Josephati humjibu hapana. Dirisha huwa wazi, na Moloimet anasikia.