Wimbo wa Sifuri Nukta Nane

Mwalimu wa kwaya yetu ya Mabawa alikwenda kwao Lushoto kusalimia, akapanda mti wa peasi kama kijana, akaanguka, akavunjika mguu. Tukapata habari kwamba amefungwa plasta ngumu na hatarudi karibuni. Wakati huo tulikuwa tumeshaalikwa Mwera, Pangani, kuimba kwenye ufunguzi wa kanisa, kwa hiyo mwenyekiti wa kwaya akasema mazoezi hayawezi kusimama kwa sababu ya mti. Angeyaongoza yeye.

Mwenyekiti ni mzee wa besi, mstaafu. Alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, na maisha yake yote amesoma uzito wa marobota ya katani na kuuandika kwa nukta moja. Hesabu za sehemu hakuzipenda. Alisema robo na nusu ni lugha ya wauza mafuta ya taa.

Jumamosi moja alinikuta nje ya kanisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, kwa kuwa nafundisha hisabati darasa la tano, tatu juu ya nne ni ngapi kwa desimali. Nikamwambia sifuri nukta saba tano. Na ukikadiria hadi nafasi moja? Nikasema sifuri nukta nane. Na sita juu ya nane? Hiyo hiyo. Na nne juu ya nne? Moja kamili. Akashukuru, akaondoka anaghani zile namba kwa sauti ya chini. Nilidhani anamsaidia mjukuu.

Sisi tunaimba kwa nota za do-re-mi. Juu ya kila wimbo mwalimu huandika do ianzie wapi, na pembeni huweka namba mbili, moja juu ya nyingine, za kutuonyesha mapigo. Tatu juu ya nne, kwa mfano, maana yake tunahesabu mapigo matatu halafu tunaanza tena. Basi zoezi lililofuata mwenyekiti alitugawia nyimbo zote zikiwa zimechapwa upya, safi kabisa, na kila mahali palipokuwa na namba mbili pakawa na moja yenye nukta. Wimbo wetu wa kushukuru, ule tuliouandaa kwa ajili ya Mwera, uliandikwa 0.8.

Bibi mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye ameimba kwenye kwaya hiyo tangu kabla sijazaliwa, akanyoosha mkono.

"Nane ya nini, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akaeleza kwa upole. Wimbo mzima, yaani moja kamili, ni mapigo manne. Sifuri nukta nane ya manne ni tatu nukta mbili. Kwa hiyo tunapiga matatu, halafu tunapiga nukta mbili.

Nikasimama. Nikasema kwamba zile namba za mwalimu hazikuwa za kugawanywa, zilikuwa zinatuambia tu tuhesabu tatu, na hiyo nukta mbili imezaliwa na kukadiria, haipo. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kwa huruma.

"Dada, si wewe uliyeniambia ni sifuri nukta nane?"

Nikakubali. Akaniuliza kama jibu langu lilikuwa na makosa. Nikasema hapana, jibu ni sahihi. Basi, akasema, tuendelee. Nikakaa. Mpaka leo nikilifikiria jibu lile silioni kosa lake.

Tukaanza kutafuta jinsi ya kuimba nukta mbili. Besi walijaribu kukohoa kidogo, ikasikika vibaya. Sauti ya tatu wakajaribu kupiga mguu, ikawa pigo zima, mwenyekiti akakataa kwa kuwa tumezidisha uzito. Mwisho yule bibi akavuta pumzi ya haraka, mabega yakapanda na kushuka. Mwenyekiti akafumba macho, akamwomba arudie, akasema hiyo ndiyo nukta mbili. Ngoma inayojipiga yenyewe kwenye kinanda haikukubali kabisa, ikabidi izimwe.

Kuna wimbo mwingine wa sita juu ya nane, wa haraka, wa kuchezeka. Nao sasa ulikuwa 0.8, na mwenyekiti akaamua kwamba namba zikilingana nyimbo zinalingana. Tukauimba kwa mwendo ule ule, matatu na mabega. Ulifanana na watu wanaobeba kabati kupandisha ngazi.

Mwera tulisimama mbele ya watu waliojaa hadi nje. Tulipofika kwenye pigo la tatu, mabega ya kwaya nzima yakapanda pamoja, na kanisa likashtuka. Mara ya pili wakatabasamu. Kufikia ubeti wa tatu akina mama wa mstari wa mbele walikuwa wanapandisha mabega na sisi, na mchungaji mgeni, alipoinuka kutoa baraka, alivuta pumzi fupi baada ya kila neno la tatu, nadhani bila kujua. Kiongozi wa kwaya ya pale akaja kuniuliza hii ni ngoma ya wapi, ya Wabondei au ya Wadigo. Nikamwelekeza kwa mwenyekiti. Akajibiwa kwamba ni makadirio.

Mwalimu alirudi na magongo. Alikuwa ameshaiona video kwenye simu. Tukamwimbia, na alipotusikiliza uso wake haukubadilika, akauliza tu ni nani aliyetufundisha kushtuka. Akajaribu kuiondoa ile pumzi. Haikutoka. Nusu yetu tuliimba, nusu tulipandisha mabega, wimbo ukaanguka vipande vipande, na tukarudia mpaka jasho likamtoka.

Hakumgombeza mwenyekiti. Alimwomba, kwa heshima, kama angekubali tutumie nafasi mbili za desimali. Mwenyekiti alifikiri muda mrefu, kama mtu anayeshauriwa anunue mzani mpya. Akatoa simu, akazidisha sifuri nukta saba tano kwa nne, akaitazama. Akarudia. Kisha akamwonyesha mwalimu.

"Tatu nukta sifuri sifuri," akasema. "Hizi sifuri tunaziimbaje?"

Mwalimu akaegemea gongo lake. "Hizo tunazinyamazia, Mzee."

Mwenyekiti akaona ni haki. Zoezi lile tuliimba vizuri, tatu kwa tatu, ingawa yule bibi alilalamika kwamba sasa anakosa pumzi, na mwalimu akamruhusu avute pale anapoona panafaa.